Dohani na bati la mwanga vinavuja kila msimu, saruji haishiki. Nifanyeje?

Mkazi_Njombe
Wakuu, habari za jioni. Nyumba iko Njombe, bati la mgongo mpana geji 28, mlalo wa paa kama nyuzi 15. Dohani ni ya matofali ya kuchoma, upana sm 90, imetokeza katikati ya paa. Imezungushiwa saruji mara mbili na silikoni mara moja, lakini baada ya miezi miwili maji yanarudi palepale na kuteremka ukutani sebuleni. Juu ya korido kuna bati la mwanga la polikaboneti, nalo linadondosha kwenye skrubu. Mvua za Novemba zinakaribia. Nitoe nini, niweke nini?

FundiKenchi
Pole sana mkuu. Hapo saruji haitashika hata ukiirudia mara kumi. Dohani imesimama kwenye msingi wake, paa limekaa kwenye kenchi (fremu za mbao za paa), na kila kimoja kinacheza kivyake. Bati la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 40 linarefuka karibu mm 1.5, jioni linarudi. Saruji haivutiki, inapasuka. Ufa mwembamba kama unywele unatosha, maji yanaingia na kufuata papi (mbao zinazopigiliwa bati) hadi ukutani.

Weka flashingi (bati bapa la kuziba maungio ya paa na dohani) ya vipande viwili ambavyo havijafungwa pamoja. Cha chini kinafungwa kwenye bati na kupanda ubavuni mwa dohani sm 15, bila kupigiliwa kwenye tofali. Cha juu kinaingia ndani ya dohani na kuning'inia mbele ya kile cha chini, kikifunike kama sm 7. Paa likicheza, kimoja kinateleza nyuma ya kingine.

Bomoa saruji yote ya zamani. Kata mfereji wa kuingizia kipande cha juu kwa grainda kwenye maungio ya matofali, kina mm 25. Anza upande wa chini, kipande kilalie bati angalau sm 15. Fuata mbavu mbili, kila moja ivuke migongo miwili ya bati. Upande wa juu uwe wa mwisho. Kila cha juu kilalie cha chini sm 10 hadi 15.

Upande wa juu ndio unaoharibu kazi nyingi. Maji yote ya kutoka kwenye kofia ya paa (kileleni) yanagonga hapo na kusimama, na sindano za misonobari zinajaa nyuma ya dohani kama bwawa. Usiishie na kipande kifupi kilicholazwa juu ya bati, maana ukingo wake utayapokea maji yanayoteremka. Peleka bati bapa moja kwa moja hadi chini ya kofia. Halafu, kwa kuwa dohani yako imezidi sm 75, ijengee kwa nyuma kijipaa cha migongo miwili kinachogawa maji kulia na kushoto.

Na ukiwa umefungua, tazama mbao. Kama papi imechomekwa ndani ya dohani, ikate ibaki nafasi ya sm 5. Hiyo ni hatari ya moto kabla hujafika kwenye maji.

Bati_na_Skrubu
Nakazia kwenye bati la mwanga. Polikaboneti inatanuka zaidi ya mara tano ya chuma: mita 3 kwa joto hilohilo ni karibu mm 8. Tundu likiwa sawa na skrubu, bati linajipasua lenyewe. Skrubu ya mm 6 itobolewe tundu la mm 10, juu ya mgongo, si bondeni, na ivae washa pana ya mpira. Kaza mpaka mpira uanze kubanwa, uishie hapo. Ukiona bati limebonyea kuzunguka washa, umezidisha. Msumari usiutumie kabisa. Kwenye ncha yake ya juu, bati la chuma lililalie sm 20, na migongo yake ilingane na ya mabati ya jirani.

Mkazi_Njombe
Asanteni sana. Silikoni iliyobaki inanuka siki. Inafaa kuziba ule mfereji?

FundiKenchi
Hapana mkuu. Hiyo harufu ni asidi, inakula zinki na kutu inaanza chini ya silikoni usikoiona. Tafuta isiyo na asidi. Flashingi ya madini ya risasi pia usiweke kama mnakinga maji ya mvua ya kunywa.

Mama_Ujenzi
Ndugu, kabla ya kubomoa hakikisha maji yanapita wapi. Mtu mmoja akae darini na tochi, mwingine amwagie kwa mpira kuanzia chini ya dohani, dakika 10 kila hatua, apande taratibu. Yakitokea pale tu anapomwagia kichwa cha dohani, basi tofali ndilo linalokunywa maji na flashingi pekee haitakusaidia. Mwagia kofia ya zege yenye mteremko juu ya dohani, itokeze sm 5 kila upande na kuchorwa mfereji wa kudondoshea chini ya ukingo, kisha piga plasta upya.

Kama matone yanaonekana alfajiri za Juni na Julai bila mvua, huo ni mvuke wa ndani unaogeuka maji chini ya bati baridi. Toboa matundu ya hewa darini pande zote mbili, usiguse dohani.