Tupeane uzoefu: kutazama ndege kwa kikundi katika bustani za London majani yanapopukutika

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, salaam. Jumapili ya mwisho ya Oktoba nilijiunga kwa mara ya kwanza na kikundi cha watazamaji ndege katika bustani ya Regent's Park, nami naanza na yaliyonipata ili nanyi mtuongezee ya kwenu.

Miadi ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi langoni. Usiku huo Uingereza nzima hurudisha saa nyuma kwa saa moja, na mimi niliamka kwa kuitazama saa ya ukutani ambayo hakuna aliyeigusa, hivyo nikafika saa nzima kabla ya wenzangu, kungali giza na benchi limelowa umande. Nikiwa bado najilaumu, nikasikia juu yangu mluzi mwembamba, "siii", kisha mwingine upande wa pili, wala sikuona kitu. Kiongozi wetu alipofika nilimwigizia sauti hiyo, akanieleza kuwa ni ndege aitwaye Redwing, wa jamii ya mkesha, ambaye majira haya hutoka Skandinavia akisafiri usiku, na kwamba wakiwa angani huitana gizani. Kulipopambazuka tuliwakuta kadhaa wakidonoa matunda mekundu mtini: mstari mweupe juu ya jicho, na ubavuni wekundu wa kutu. Tangu siku hiyo sijali tena kuwahi mno.

Mzaliwa wa Naivasha

Mimi ziwa la bustani hiyo hiyo ndilo lililoniteka. Kiongozi alituonyesha bata wenye midomo mipana kama koleo, wanaoongezeka hapo baridi inapokaribia, wakizunguka duara kwa pamoja, vichwa majini, kila mmoja akichuja chakula ambacho miguu ya mwenzake imekivuruga. Nilibaki nacheka peke yangu, kwa kuwa bata wa aina hiyo nimewaona tangu utotoni katika maziwa ya Bonde la Ufa, wanakokuja kukimbia baridi ya kaskazini, na sikuwahi kujiuliza wanatoka wapi.

Msafiri wa Reli

Kikundi nilichokwenda nacho mimi kilikuwa na watu wapatao arobaini, nusu yao wakizungumza habari za kodi ya nyumba, na ndege wa pekee waliotuvumilia walikuwa kasuku wa kijani, ambao wamejaa London mwaka mzima na kwa kelele wanatushinda hata sisi. Ushauri wangu ni kikundi kidogo, na darubini inayokuza mara nane, kwa sababu ile ya mara kumi hutikisika zaidi mkononi, hasa vidole vikishaganda.

Binti wa Tanga

Sisi tulikwenda Hyde Park mapema, mwishoni mwa Septemba, tukawaona mbayuwayu wakipita chini chini juu ya maji ya ziwa la Serpentine kuelekea kusini. Jioni nilimpigia mama simu, akaniambia kwamba mbayuwayu wamekwisha kufika na wamejipanga kwenye nyaya za umeme mbele ya nyumba. Nilipomsimulia kiongozi kwa furaha, alinisahihisha kwa upole kwamba mbayuwayu wa Uingereza hupitia Ufaransa, Hispania na Sahara hadi Afrika Kusini, kwa hiyo wale wa Tanga huenda walizaliwa mbali zaidi mashariki. Nimemweleza mama mara mbili. Bado anashikilia kuwa ni wale wale niliowaona mimi, na anauliza mbona hawakubeba salamu.