Naomba ushauri: injini ya Cadillac kwenye pikapu ya Chevrolet

Wakuu, habari zenu. Niko Houston, nina Chevrolet C10 ya 1972 niliyoachiwa na baba mkwe. Injini yake ya silinda sita imechoka. Nimepata V8 ya Cadillac DeVille ya 1976, lita 8.2, pamoja na giaboksi yake.

Giaboksi ya zamani imegoma: nilibandika kadibodi nyuma ya injini, nikatoboa matundu ya bolti, nikaipima kwenye giaboksi, ya juu hayakutani kabisa. Kwa hiyo nafunga iliyokuja nayo.

Aliyewahi kufanya hivi anisaidie: propela shafti nikate au nichongeshe mpya? Rejeta ya silinda sita itahimili joto la Texas? Springi za mbele je? Gari hili siliuzi, nataka litembee.