Nimepewa ruhusa ya kubadilisha ardhi ya kisiwa katika Animal Crossing: nianzie wapi?

MwaniWaRaskazone aliuliza:

Waungwana, salaam. Ninaomba ushauri wa wale waliotangulia katika mchezo wa video wa Animal Crossing: New Horizons. Kisiwa changu kimefikisha nyota tatu za sifa, mwanamuziki K.K. Slider amekuja na gitaa lake, na baada ya tamasha Tom Nook, msimamizi wa kisiwa, ameniwekea kwenye simu ya mchezo ile programu ya Island Designer ya kubadilishia ardhi. Kofia ya ujenzi nimeshavaa, ila sijui pa kuchimba.

Nia yangu ni kukifanya kisiwa kifanane kidogo na kwetu Tanga. Kaskazini nataka vilima vinavyopanda kwa matabaka, kama Usambara inavyoonekana mtu akiwa Muheza. Katikati nataka nyumba za wakazi zikae kwenye mitaa iliyonyooka kama Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba. Mto nataka utoke juu, ujipindepinde, kisha uingie baharini kwa mlango mpana kama wa Pangani, na mbele ya ufukwe kiwepo kisiwa kidogo mfano wa Toten.

Kaka yangu anashauri nisawazishe kila kitu kwanza, yaani nifukie mto wote na kubomoa miinuko yote, ndipo nianze kupanga juu ya uwanja mtupu. Je, hiyo ndiyo njia? Na ninunue kibali kipi cha ujenzi kwanza, maana maili zangu, zile pointi za Nook Miles za kununulia vibali, ni za kuhesabu?

FundiWaChumbageni alijibu:

Hongera kwa nyota tatu, dada yangu. Kabla hujanunua kibali chochote, fungua ramani uangalie vitu ambavyo havitahama kamwe, kwa sababu mpango wako wote utalazimika kuvizunguka. Jengo la Resident Services, yaani ofisi ya kisiwa, na uwanja wake havihami. Uwanja wa ndege hauhami. Fukwe, miamba ya pwani na gati havigusiki. Milango miwili ya mto nayo itabaki pale pale ilipokuwa siku ulipochagua ramani, kwa upana uleule.

Kwa hiyo mlango wa Pangani hutaupata baharini kwenyewe. Utaupata kwa kupanua mto nyuma kidogo ya mlango, ili mtu aone maji mengi yamekusanyika kabla ya kutoka. Na Toten ni vivyo hivyo: mchezo haukuruhusu kumwaga kifusi baharini, lakini unaweza kuchimba ziwa pana karibu na pwani na kuacha kipande cha nchi kavu katikati yake. Ukipanda minazi ufukweni karibu nacho, mgeni wako hataomba maelezo.

Sasa vibali. Programu yenyewe inakuja na njia za kawaida tu, kama ile ya udongo. Kibali cha maji ni maili 6,000 na cha miinuko ni maili 6,000, na vyote vinauzwa kwenye mashine ya Nook Stop. Njia za mawe, matofali, mbao, mchanga na nyinginezo ni maili 2,000 kila moja, na kile cha kutandaza michoro yako mwenyewe ni maili 2,300. Mimi ningeanza na cha maji, kwa kuwa mto ndio unaoamua nyumba zikae wapi na madaraja yapite wapi, na mtu akijenga mtaa kwanza ataupitishia mto baadaye kwa taabu. Maili zikipungua, fanya zile kazi ndogondogo za Nook Miles+, kwa sababu tano za kwanza za kila siku hulipwa maradufu.

Jambo moja la mkono wenyewe. Ardhi yote imegawanyika kwa miraba; ukisimama mbele ya mraba ukabonyeza kitufe cha A, unachimba. Ukibonyeza tena, unafukia. Lakini kwenye pembe, bonyezo la kwanza huizungusha tu ile pembe, yaani huifanya iwe mviringo, na la pili ndilo linaloondoa mraba mzima. Wanaoanza hudhani chombo kimekataa amri, wakabonyeza ovyo na kuharibu walichokitaka. Zungusha pembe za mto kwa makusudi, moja upande huu na nyingine upande ule, maana bila hivyo utapata mtaro wa maji ya mvua na si mto.

KaoleKwetu alijibu:

Salaam kutoka Bagamoyo. Ninamheshimu kaka wa muulizaji, ila kwenye hili la kusawazisha sikubaliani naye hata kidogo.

Ramani ni sehemu saba kwa sita, na kila sehemu ina miraba 16 kwa 16. Ukiondoa bahari na fukwe bado inabaki ardhi kubwa, na kazi yote hufanywa mraba kwa mraba, huku mhusika wako akiinua koleo na kulishusha kila mara. Zaidi ya hayo, mahali penye mti, ua, uzio au fanicha hapachimbiki mpaka pasafishwe. Mtu anayesawazisha kisiwa kizima hujikuta ameweka mali yake yote ghalani, wakazi wanazurura jangwani, na hamu imemwisha kabla mto haujachimbwa. Nimeona visiwa vingi vikiachwa katika hali hiyo, na siamini kuwa wenye navyo walikuwa wavivu.

Kwa mpango wa dada huyu hasa, kusawazisha ni hasara tupu. Anataka milima kaskazini, na kwa kawaida miinuko ya asili ya mchezo iko kaskazini tayari. Tena ndiko inakostahili kuwa, kwa sababu kamera hutazama kutoka kusini kwenda kaskazini. Kilima kikiwa nyuma ya mji, kinaonekana chote pamoja na maporomoko yake. Kikiwa mbele, kinaficha kila kilicho nyuma yake. Aichukue hiyo miinuko iliyopo, amegue hapa, aongeze pale. Na asiondoe mto wa juu wote, kwani kuna samaki wanaopatikana kwenye mito ya juu ya miinuko tu, na yule trauti wa dhahabu ni mmoja wao.

Ninachokishauri ni kuweka alama kabla ya kuchimba. Michoro yako mwenyewe unaweza kuiweka chini moja moja kupitia programu ya michoro iliyo kwenye simu, bila kibali chochote. Chora mraba wa rangi ya buluu, uuweke kila mahali ambapo maji yatapita. Chora wa rangi nyingine kwa ajili ya nyumba. Nyumba ya mkazi huchukua miraba minne kwa minne, jumba la makumbusho saba kwa minne, na duka la Nook's Cranny ni hivyohivyo. Kisha tembea juu ya alama zako kama mpita njia, toka uwanja wa ndege mpaka Resident Services, toka pale mpaka mlimani. Utagundua mwenyewe wapi pamebana, na kubadili alama hakukugharimu kitu.

Miti isikutishe. Kula tunda moja, kisha chimba kwa koleo. Mti utang'oka mzima na kuingia mfukoni, ukaupande kwingine. Mawe pia huvunjika kwa koleo ukiwa umekula tunda, na hurudi moja kwa siku mpaka yatimie sita, mradi tu ukiyaachia nafasi wazi. Anayetandaza njia kisiwa kizima asishangae mawe yakikosa pa kuota.

BintiMkonge alijibu:

Wenzangu wamesema ya ardhi. Mimi nitasema ya fedha na ya siku, kwa sababu huko ndiko mipango mizuri inakokwama.

Kuhamisha jengo kunagharimu Bells (fedha ya mchezo) 50,000, isipokuwa nyumba yako mwenyewe, ambayo ni 30,000. Ukiwa na wakazi kumi na ukataka wote wahame kwenda kwenye mtaa wako mpya, hesabu ni Bells 500,000, na wanahama mmoja mmoja, kila mmoja akiwa tayari siku ya pili yake. Duka linapohamishwa hufungwa siku hiyo, kwa hiyo uza vitu vyako kabla.

Madaraja nayo hujengwa moja baada ya jingine. La magogo, ambalo ni la bei ya chini, ni Bells 98,000, na mteremko wa asili wa kupandia mwinuko ni bei hiyohiyo. Tangu toleo la 2.0 la Novemba 2021 unaruhusiwa madaraja kumi na miteremko kumi. Zamani ilikuwa minane. Kubomoa ni Bells 10,000, na lililojengwa huwezi kuchimba chini yake. Ndiyo maana mto hukamilishwa kwanza, pembe zake zikazungushwa, ndipo daraja huombwa.

Kuhusu Ngamiani, kuna jambo la kusikitisha kidogo. Nyumba zote katika mchezo huu hutazama kusini, wala hakuna namna ya kuzigeuza. Ile hali ya kwetu ya jirani kukaa barazani akizungumza na jirani wa ng'ambo ya barabara hutaipata. Upande mmoja wa mtaa utakuonyesha milango na upande wa pili utakupa mgongo. Kwa hiyo panga mitaa yako kutoka mashariki kwenda magharibi, nyumba ziwe upande wa kaskazini wa kila barabara, na upande wa kusini uweke bustani, uzio au magenge ya kuuzia matunda. Baiskeli moja mbele ya kila mlango ingetosha kumwambia mtu kuwa amefika Tanga.

Na swali, samahani kama ninaingilia ya nyumbani: mashine ya mchezo ni yako au ya kaka yako? Mashine moja hubeba kisiwa kimoja tu, na mwenye mamlaka ya kuhamisha nyumba na kuagiza madaraja ni yule tu aliyeanzisha kisiwa. Kama mwenye cheo hicho ni yeye, basi mjadala wa kusawazisha mtaumalizia sebuleni.

MwaniWaRaskazone aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Mwenye kisiwa ni mimi, kaka ni mpangaji tu. Nimefuata alama za buluu, nimenunua vibali vyote viwili, na mto umeanza kupendeza. Sasa nimekwama mahali pawili. Kwanza, nimesimama juu ya tabaka la kwanza, nataka kuinua la pili kwenye ukingo kabisa ili liwe ukuta mmoja mrefu wa jabali, na mchezo unakataa. Pili, daraja nililotaka kuliweka pale nilipopanua mto halikubali, ingawa kingo zote mbili zimenyooka.

FundiWaChumbageni alijibu:

La pili ni jepesi. Daraja linavuka mto wenye upana wa miraba mitatu hadi mitano, na bila shaka wako pale umezidi. Uache upana huo kama ulivyo, maana ndio Pangani yako, na daraja ulipeleke juu zaidi, mahali ambapo mto bado ni mwembamba. Pale penye upana tandaza njia ya mbao ifanane na gati, na taa mbili tatu kila upande; hata Pangani yenyewe kwa miaka mingi watu wamevuka kwa kivuko.

La kwanza ni sheria ya mchezo. Tabaka la juu haliwezi kusimama kwenye ukingo wa tabaka la chini. Lazima uache angalau mraba mmoja wa kukanyagia. Rudi nyuma mraba mmoja ndipo uinue. Usiuache ukingo huo ukiwa mstari mmoja ulionyooka kutoka magharibi mpaka mashariki: mahali pengine acha mraba mmoja, pengine mitatu, pengine sita, na uzungushe pembe. Kwenye ile mitatu panda vichaka, kwenye ile sita panda miti.

Maporomoko yanatengenezwa kwa kibali cha maji, si cha miinuko. Simama juu, chimba mraba ulio ukingoni, na maji yataanguka yenyewe. Kisha endelea kuchimba ukirudi nyuma mpaka pale unapotaka chemchemi iwe, na chini yake uchimbe mkondo wa kuyapokea. Ukitaka yaanguke mara mbili, la juu lianguke kwenye kile kijia cha mraba mmoja, ambacho nacho utakuwa umekichimba, halafu maji yaendelee kushuka.

Mteremko wa kupandia huchukua miraba miwili kwa upana na minne kwa urefu, kwa hiyo upimie nafasi yake sasa hivi, kabla hujajaza vichaka. Mpaka utakapojengwa, panda kwa ngazi yako ya mkononi. Wakazi hawana ngazi, hivyo yeyote utakayemhamishia juu atakusubiri huko.