Nimecheka nikisoma kitabu cha maiti, ni sawa kweli?

Mpiga Debe Mstaafu: Wakuu habari zenu, nimeazimwa kitabu kinaitwa Stiff cha Mary Roach, cha 2003, kinahusu maiti zinavyotumika kwenye sayansi. Mwanzo tu kuna semina ya madaktari wa kurembesha sura, wanafanyia mazoezi vichwa vya maiti 40, kila kichwa kwenye trei ya kuokea kuku aisee!! nikacheka kwa sauti kwenye daladala, mama wa pembeni akachungulia jalada akaona nyayo za maiti zimefungwa kikaratasi kidoleni, akahama siti. Hivi nyie mnaonaje, inafaa kucheka haya mambo? kwetu msibani simu ikiita tu unaonekana huna adabu.

binti_mzaramo: Msiba gani huo hauna watani? Mie nimeona Mnyamwezi kavaa kanzu ya marehemu, anatembea kama yeye, anadai pesa ndo jeneza lipite na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Ila mtani huyohuyo ndo kachimba kaburi. Roach namuweka humo, kaenda mwenyewe Knoxville kule Tennessee, chuo kinaacha maiti nje zioze ili polisi wajue mtu kafa lini, halafu anayemcheka zaidi ni yeye mwenyewe na wale walio hai

Abuu S: Utani sina neno nao. Shida yangu ni mwili kukaa juani wiki nzima unapigwa picha. Hadithi iko wazi, kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, sisi mtu akifa asubuhi jioni kashazikwa.

Kadava Nambari Moja: Shekhe nakuelewa, ila mkanda unaofunga kwenye gari ulijaribiwa kwa hao hao. Chuo cha Wayne State, Detroit Marekani, walikuwa wanagongesha maiti kujua kifua kinahimili kiasi gani, vile vidoli vya majaribio ya ajali vikatengenezwa kwa vipimo hivyo maana kidoli hakiwezi kukwambia mbavu inavunjika saa ngapi. Mtafiti wao Albert King alipiga hesabu 1995 akasema utafiti wa maiti unaokoa watu 8,500 kila mwaka. Na mortuary ya chuo tulikuwa tunataniana sana, usipotaniana siku za mwanzo unakimbia. Kumtania kadava mwenyewe, yaani maiti ya kujifunzia, ndo mwiko.

Mpiga Debe Mstaafu: Hapo kwa watani nimeelewa. Abuu hoja yako inanikaa zaidi kwa wale ambao hawakuulizwa, mfano Burke na Hare pale Edinburgh 1828, waliua watu 16 wakauzia daktari wa anatomia, hapo sikucheka mpaka Burke aliponyongwa naye akapasuliwa mbele ya wanafunzi, mifupa yake ipo chuoni mpaka leo.

binti_mzaramo: 😂😂 Umefika kwenye mzee anayekula asali tupu mpaka afe, wamloweke humohumo kwenye asali halafu auzwe kama dawa?

Mpiga Debe Mstaafu: Bado na ndo kwanza nimekoroga chai ya asali we dada

Kadava Nambari Moja: Kunywa kwanza mkuu. Hata yule tabibu wa Kichina wa zamani, Li Shizhen, aliyeandika habari hiyo alisema hana uhakika kama ni kweli.