Mjadala: Marafiki wanaoanzisha podikasti waandikiane mkataba kwanza, au mkataba ndio unaoanza kuvunja urafiki?

Mleta mada, Sinza

Ndugu wadau, naleta swali ambalo kwangu si la nadharia. Mwaka 2020 mimi na rafiki yangu, ambaye tulilala chumba kimoja cha hosteli kwa miaka mitatu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulinunua maikrofoni mbili Kariakoo, tukaegemeza magodoro ukutani katika chumba cha uani nyumbani kwao ili kuua mwangwi, na tukaanza kurekodi mazungumzo yetu ya kila Jumapili. Waliotufuatilia hawakuvutwa na elimu yetu, kwa kuwa hatukuwa nayo ya kujivunia. Walipenda tulivyotaniana, tulivyokatishana maneno, na jinsi mmoja alivyomaliza sentensi ya mwenzake. Kwa maneno mengine, tulichokuwa tukiuza ni urafiki wenyewe.

Baada ya miaka mitatu na vipindi vipatavyo 140 tulikosana juu ya fedha za mdhamini mmoja, na ndipo nilipotambua kwamba chaneli ilifunguliwa kwa baruapepe yake, namba ya simu ya kurejeshea nenosiri ni yake, na akaunti inayopokea malipo ina jina lake peke yake. Siwezi kusema niliibiwa, maana hakuna makubaliano yaliyovunjwa, makubaliano hayakuwepo. Alibadili nenosiri Jumanne usiku, na Jumatano asubuhi nikawa mtazamaji wa kawaida wa kipindi changu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi hata hatukuamini kwamba ile ni mali. Tuliyaona ni maongezi tu. Wakati ule YouTube haikumpa mtu mgawo wa matangazo mpaka afikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kwa hiyo katika kipindi hicho chote cha kupanda hakuna fedha ya kugawana, na anayetaja mgawanyo huonekana anahesabu vifaranga wa mayai ya jirani. Fedha inapoanza kuingia, kutaja mgawanyo kunasikika kama shutuma. Ule wakati ambao mkataba ni rahisi kuandikwa ndio ule ambao hakuna anayeona maana yake.

Msidhani ni matatizo ya wachanga wa Dar es Salaam pekee. Nchini Marekani, Alexandra Cooper na Sofia Franklyn, waliokuwa wakiishi nyumba moja New York, walianzisha podikasti ya Call Her Daddy mwaka 2018, na muda mfupi baadaye ikachukuliwa na kampuni ya Barstool Sports. Mwaka 2020, mazungumzo ya mkataba mpya na kampuni hiyo yaliwatenganisha. Mmoja akabaki na kipindi, mwingine akaondoka. Mwaka uliofuata Cooper aliingia mkataba na Spotify, kampuni ya kusikilizia muziki na podikasti mtandaoni, ulioripotiwa kuwa wa zaidi ya dola milioni 60. Watu husimulia kisa hicho kwa sababu ya kiasi cha fedha. Mimi hunishtua kwamba mkataba waliogombania ulikuwa wa kila mmoja na kampuni, wakati kilichowaleta wasikilizaji kilikuwa kati yao wawili.

Msimamo wangu ni kwamba marafiki waandikiane kabla ya kurekodi kipindi cha kwanza, na asiyetaka kuandika asianze. Naomba kuwasilisha.

Mhariri wa sauti, Kijitonyama

Mkuu, pole kwa yaliyokukuta, lakini nakupinga. Nimekaa nyuma ya meza ya sauti kwa miaka minane, na nimewarekodi marafiki wa kila aina, wakiwemo waliokuja na mkataba wenye mhuri wa wakili. Hao wenye mhuri nawatambua ndani ya dakika kumi bila kuonyeshwa karatasi. Kila mmoja anahesabu muda aliozungumza mwenzake. Utani unapungua, kwa sababu utani unahitaji mtu akubali kushindwa mbele ya watu bila kuuliza atalipwa nini kwa kushindwa huko. Mwishowe unabaki na mahojiano ya watu wawili wanaofahamiana, na mahojiano ya namna hiyo yamejaa mji mzima.

Kilichokuangusha wewe kingeweza kuondolewa bila wakili. Chaneli inaruhusu wasimamizi zaidi ya mmoja. Ungeomba uongezwe mwaka 2021, ingekuchukua dakika tano. Nakumbuka pia Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizowataka wanaorusha maudhui mtandaoni wawe na leseni, zilipotoka mwaka 2018: ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000 na ya leseni shilingi 1,000,000. Kanuni hizo zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini wakati ule nilishuhudia vikundi vya marafiki wakichangishana kama wanachangia harusi, kisha leseni ikaandikwa jina la yule aliyekuwa na nafasi ya kwenda kufuatilia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walimtuma mmoja kwa sababu wengine walikuwa kazini, na yule aliyetumwa akawa mmiliki. Majina yote yaandikwe pale yanapotakiwa, halafu watu waachwe waongee.

Mshiriki wa zamani wa kipindi cha televisheni, Mbagala

Naona nyote wawili mnazungumzia mkataba kana kwamba hakuna Mtanzania aliyewahi kuusaini. Sisi tulioingia kwenye vipindi vya maisha halisi tumesaini mikataba minene kuliko daftari la mwalimu, na haikuulinda urafiki wowote.

Kizazi changu kililelewa na majina matatu. Mwisho Mwampamba alishika nafasi ya pili katika Big Brother Africa ya kwanza, shindano la televisheni la kuishi nyumba moja mbele ya kamera, mwaka 2003. Richard Bezuidenhout akashinda mwaka 2007 na kuchukua dola 100,000. Idris Sultan akashinda mwaka 2014 na kuchukua dola 300,000, kisha akaendelea na uchekeshaji, redio na uigizaji hadi leo. Baada ya ushindi wa Idris, kila kijana mwenye mdomo mtaani kwetu aliamini kwamba kamera ikimkaa siku tisini ajira itamfuata. Nami nilikuwa mmoja wao. Niliingia katika shindano moja la hapa nchini, nisilolitaja.

Angalieni jinsi nyumba zile zinavyoendeshwa. Watu hufungiwa pamoja, hunyang'anywa simu, na kwa kukosa mwingine wa kuzungumza naye hujenga urafiki wa kasi ambao nje ungechukua miaka. Kisha kila wiki huitwa mmoja mmoja faraghani kutaja wenzao wanaotaka watoke. Hiyo ndiyo mashine yenyewe: urafiki ndio kuni zake. Mimi nilipata rafiki wa kweli kambini. Siku moja alilia usiku kwa ajili ya mama yake aliyekuwa mgonjwa, nami nilikaa naye mpaka alfajiri. Kipindi kilipoonyeshwa, kilio chake kilifuatwa na picha yangu nikicheka, kicheko cha siku nyingine kabisa, tulipokuwa tukikimbiza kuku. Nilipolalamika nilionyeshwa kifungu: mwandaaji anaweza kupanga picha atakavyo. Sahihi ilikuwa yangu. Rafiki yule hakusema nami kwa miaka miwili.

Kwa hiyo mleta mada anaposema mkataba utaokoa, namuuliza ni mkataba wa nani. Swali lenye uzito ni nani ameshika mkasi, maana anayehariri ndiye anayeamua kesho watu watakujua kama nani. Hata hivyo nakiri jambo moja kwa upande wa televisheni: kule kila mtu anajua tangu siku ya kwanza kwamba mshindi ni mmoja na fedha ni zake. Kwenye podikasti mnashindana miaka mitatu bila kuambiwa kuwa ni shindano.

Mama wa Tabata

Mimi sijawahi kushika maikrofoni wala kusaini kitu, na ndiyo maana nimeona niandike, kwa sababu mnajadili haki za wawili wanaozungumza na kumsahau wa tatu anayezungumzwa.

Rafiki yangu wa tangu utotoni alianzisha kipindi cha wanawake kuhusu ndoa na maisha. Nilifurahi, nilimpikia hata siku ya uzinduzi. Katika kipindi cha sita au cha saba alisimulia habari za "rafiki yangu mmoja" ambaye anaishi Tabata, ana duka la vitenge, mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu, na mtoto wao wa tatu alifariki akiwa na miezi minne. Hakutaja jina. Kwa watu wa Tabata jina la nini tena? Alieleza yale niliyomwambia jikoni kwangu wiki ya msiba, ikiwemo maneno niliyomtupia mume wangu kwa uchungu, ambayo mume wangu alikuwa amenisamehe na tulikubaliana yasirudi. Wiki ile wateja watatu waliniletea kipande cha video dukani, mmoja akiwa na nia njema kabisa, akaniambia nimemtia moyo.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa kata imefungua kipindi. Nilipomwuliza akasema hadithi ile imewasaidia wanawake wengi, na huenda ni kweli. Nimesoma maoni yao mwenyewe, wengine waliandika kwa machozi. Lakini msaada huo ulichotwa katika maisha yangu bila mimi kuulizwa, na mdhamini wa sabuni alilipia kipindi hicho. Naungana na mleta mada kuhusu maandishi, ila sharti la kwanza liwe ridhaa ya yule atakayesimuliwa.

Mhariri wa sauti, Kijitonyama

Dada wa Tabata, pole sana. Naomba nirudishe sehemu ya niliyoyasema. Kipindi cha namna hiyo kimepita mikononi mwangu zaidi ya mara moja, nami nilikuwa nikisikiliza mwangwi na kelele za feni tu. Kuondoa neno "Tabata" au "vitenge" ni kazi ya sekunde chache, na hakuna aliyewahi kuniomba, wala mimi sikuwahi kushauri. Hilo halihitaji mkataba wa mtu yeyote. Linahitaji mhariri aliye macho. Bado sikubali kwamba wenza waanze na wakili.

Mwanasheria, Posta

Nitakuwa mfupi. Kwanza, mleta mada anaposema makubaliano hayakuwepo, anajinyima haki bure. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Ugumu wake ni kuuthibitisha, na ujumbe wa simu mliotumiana kuhusu gharama na mapato unaweza kuwa ushahidi, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ushahidi wa aina hiyo. Masharti ya ubia yamo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na pale wabia wasipokubaliana vinginevyo, msingi ni kugawana faida sawa kwa sawa. Jina lililo kwenye akaunti ya benki linaonyesha nani alipokea fedha. Halimalizi suala la zilikuwa za nani.

Pili, kwa dada wa Tabata: Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni wa rafiki yako. Zote mbili ni za kweli, na mahakama hulazimika kuzipima pamoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inatoa njia ya kulalamika kwa Tume iliyoundwa chini yake. Iwapo simulizi isiyotaja jina inaangukia humo kutategemea jinsi mhusika alivyotambulika, na maelezo uliyoyataja ni mengi. Lakini sheria haitakurudishia rafiki, na wateja wangu wengi wa namna yako huishia kutofungua shauri kwa sababu hiyo hiyo.

Mleta mada, Sinza

Nashukuru kwa michango yote. Mhariri amenigusa penye ukweli: mwaka 2021 nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta ile ile, nikauona ukurasa wa kuongeza wasimamizi, nikaona haya kuuliza. Niliogopa kuonekana simwamini. Namwambia dada wa Mbagala kwamba mkasi nao nilimwachia mwenzangu kwa miaka mitatu, kwa uvivu, nikiuita ni kumwamini. Kwa Mama wa Tabata sina la kujitetea, kwa sababu katika vipindi 140 sikumbuki hata mara moja tuliyosimama kuuliza mtu kama tunaweza kumsimulia, na wajomba zangu wawili wamo humo.

Kuna rafiki wa sekondari anayetaka tuanze kipindi kuhusu mpira wa mitaani. Safari hii tulikaa na daftari. Chaneli itakuwa na majina mawili, fedha zitagawanywa nusu kwa nusu baada ya gharama, uhariri utakwenda kwa zamu, na simulizi ya mtu aliye hai itasikilizwa na mwenyewe kabla ya kurushwa. Yote hayo tuliyamaliza kwa chini ya saa moja, na sikuona urafiki ukipungua.

Kipengele cha tano ndicho kilichotushinda: tukikosana, vipindi vya zamani vibaki hewani au vishushwe? Yeye anasema vibaki, kwa kuwa ni jasho la wote. Mimi, ambaye hadi leo nasikia kicheko changu katika chaneli nisiyoweza kuifungua, nasema vishushwe. Tunakutana tena Jumamosi pale Mwenge. Mwenye maoni juu ya hili naomba ayalete kabla ya hapo.