Tupeane uzoefu: taa za LED za gereji na karakana ya nyumbani

Mwenye uzi, Donholm
Wadau, hapa tukusanye ya taa za gereji na karakana za nyumbani Nairobi. Tupeane vipimo: ukubwa wa chumba, lumeni (mwanga wote unaotolewa na taa), mahali taa ilipofungwa, na kinachoharibika. Naanza na hesabu kwa kuwa ndiyo inayorukwa na wengi.

Gereji ya gari moja, mita 3 kwa 6, ni mita mraba 18. Kazi ya kawaida inataka luksi 300 (luksi ni lumeni kwa kila mita mraba) pale mikono ilipo. 18 mara 300 ni lumeni 5,400. Ila si mwanga wote unaofika chini, mwingine unamezwa na kuta, dari na vumbi, kwa hiyo gawanya kwa 0.6 upate 9,000. Tyubu nzuri ya futi 4, wati 18, inatoa karibu lumeni 1,800. Basi unahitaji tano. Kasha lililoandikwa wati peke yake bila "lm", au "sawa na wati 100" bila kitu kingine, liache dukani. Na kama kuta ni mawe bila plasta na mabati yameshika moshi, paka nyeupe kwanza kabla ya kuongeza taa. Rangi unalipia mara moja, stima unalipia kila tokeni.

Seremala, Kariobangi
Hesabu iko sawa mkuu, lakini lumeni 9,000 zikining'inia katikati ya dari hazisaidii. Gari likiingia, paa lake linapokea mwanga wote na pembeni, unapofungulia gurudumu, ni giza. Tumia mistari miwili inayofuata urefu wa gari, kila mmoja sentimita 60 hadi 75 kutoka ukutani, tyubu mbili kila mstari. Ya tano iende kwenye meza ya kazi, na ukipenda ongeza ya sita hapo, maana kuchora alama za kukata au kusoma kalipa kunataka luksi 500 kwenda juu.

Taa ya meza ikae juu ya ukingo wa mbele wa meza, upande unaosimama. Ikiwa nyuma yako, kichwa na mabega vinatupa kivuli moja kwa moja kwenye mstari wa penseli na msumeno unapita pembeni. Jaribu kabla ya kutoboa dari: mwenzako ashike taa juu, wewe weka rula mezani uinamie. Kivuli cha rula kikiwa kimoja na kikali, sogeza taa. Vivuli viwili hafifu ni dalili nzuri.

Rangi ya mwanga: madukani barabara ya Luthuli utapewa 6500K, nyeupe ya kibluu, bila kuulizwa. Kwa mbao na vanishi 4000K, nyeupe ya kati, inaonyesha rangi kwa ukweli zaidi, na tafuta Ra (kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi, mwisho 100) ya 80 au zaidi. Anayelinganisha rangi ya gari atafute Ra 90.

Fundi wa stima, Umoja
Wanaobadilisha tyubu za zamani kuwa LED bila kubadilisha fremu, someni hapa polepole, tafadhali. Kuna tyubu za aina mbili. Moja inapokea laivu na nyutro upande mmoja. Nyingine inapokea laivu upande huu na nyutro upande ule. Kwa hii ya pili, pini mbili za kila upande zimeunganishwa ndani. Ukiichomeka kwenye fremu iliyofungwa waya kwa aina ya kwanza, umegonganisha laivu na nyutro: breka inaruka, au soketi inaungua.

Choki ya zamani ya chuma (balasti, kile kifaa ndani ya fremu kinachodhibiti stima ya tyubu) inaweza kubaki ikiwa tyubu imekuja na stata yake ya LED, ile ya kawaida itolewe. Balasti ya elektroniki itoe kabisa isipokuwa tyubu imeandikwa kuwa inakubaliana nayo. Zima kwenye bodi, usitegemee swichi ya ukutani, kwa sababu ile aina ya pande mbili ukishaingiza ncha moja, ncha unayoshika inaweza kuwa na stima. Ukimaliza, andika kwa kalamu ya wino ndani ya fremu ni aina gani. Atakayebadilisha tyubu baadaye huenda ni mtoto wako.

Fremu ya chuma ni lazima iwe na athi. Waya milimita mraba 1.5, breka ya ampea 10. Taa nyingi zikiwashwa pamoja zinavuta stima kwa kishindo sekunde ile ya kwanza, na breka ya aina B, inayoruka upesi, inaweza kuruka ingawa mzigo ni mdogo. Aina C inavumilia. Kazi ya bodi mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Mkereza vyuma, Industrial Area
Hamjagusa jambo la hatari zaidi. Stima yetu ni hezi 50, na LED yenye draiva duni (saketi inayoipa LED stima) inapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kishikio cha meno matatu kwenye mashine ya kukereza kikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila mpepeso unakuta jino limefika mahali pa mwenzake, na kinaonekana kimesimama. Mtu ananyoosha mkono.

Pima dukani: chukua kalamu, ipepee haraka chini ya taa. Ukiona ukungu mmoja laini, sawa. Ukiona kalamu nyingi zimepangwa kama meno ya kitana, rudisha taa.

Dada wa Kayole
Na zile balbu za LED za mabawa matatu zinazokunjwa?

Fundi wa stima, Umoja
Dada, mwanga ni mwingi lakini unachoma macho ukitazama juu, na uzito wote unaning'inia kwenye holda. Nyingi ni za kusokota. Zikiwekwa adapta kwenye holda ya pini, zinalegea, zinachecheza, na plastiki inaungua. Kwa stoo ziko sawa. Juu ya mashine hapana.

Mwenye uzi, Donholm
Niongeze la jirani mwenye mashine ya kuchomelea. Akianza kazi volti zinashuka. Taa yenye draiva ya volti 85–265 haitikisiki, ile ya 220–240 ya bei ya chini inafifia kila anapogusa chuma.

Joto nalo: usibane taa kwenye mabati. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, kapasita za draiva hupoteza karibu nusu ya maisha yake. Ining'inize kwa mnyororo, pengo la sentimita 15 hivi. Vumbi la mbao likiwa jingi chukua taa ya IP65 (imezibwa vumbi na maji ya kurushwa), lakini IP65 haizuii mlipuko. Rangi na thina pulizia nje.

Seremala, Kariobangi
Taa ikibaki na mwanga hafifu ukishazima, angalia swichi: ama imekata nyutro badala ya laivu, ama ina kile kitaa kidogo chekundu. Kama ni nyutro, rekebisha leo, maana holda bado ina stima.