Hoteli za Mombasa, mbona mwamfungia nje mgeni aliyelipa waifai?

#1

Haya, tuseme wazi. Kuanzia Nyali hadi Shanzu mchezo ni uleule. Mgeni analipia waifai ya saa 24, anapewa vocha, pale mapokezi inashika vizuri. Akifika bwawani, ukurasa wa malipo huo tena. Akiingiza vocha anaambiwa imeshatumika kwenye kifaa kingine. Kifaa kipi? Simu ni ileile na pesa zimeshakwenda! Karani naye ana dawa moja tu: lipa tena.

Lango la waifai halimjui mgeni. Linajua anwani ya MAC, namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao, biti 48 zinazoandikwa kwa jozi sita za tarakimu na herufi. Unajiunga na mtandao usio na paswodi, lango linakupa IP (anwani ya muda ya mtandao) kwa njia ya DHCP, lakini huendi popote: kila ombi la HTTP, la kufungua ukurasa wa wavuti, kwenye bandari ya 80, yaani mlango wa data (si ya Kilindini), linageuzwa hadi ukurasa wa malipo. Ukilipa, MAC yako inaingia kwenye orodha ya walioruhusiwa na saa inaanza kuhesabu. Ukirudi na MAC nyingine, wewe ni mgeni mpya asiyelipa.

Hilo lilifaa zamani, MAC ilipokuwa ile simu iliyotoka nayo kiwandani. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujitungia MAC ya bandia kwa kila jina la mtandao, mwenye simu asifuatiliwe. Sasa tazama hoteli: mapokezi mtandao una jina lake, bwawani lake, kila ghorofa lake. Majina matano, MAC tano, simu moja. Na vocha mmeifunga kwenye MAC ya kwanza.

iPhone yenye iOS 18 inakwenda mbali zaidi. Kwenye mtandao usio na paswodi, chaguo lake la kawaida ni MAC inayozunguka, hubadilika yenyewe kama kila wiki mbili. Zamu hiyo ikiangukia katikati ya likizo yako, basi. Halafu karani anakwambia "sahau mtandao, ujiunge upya". Kwenye iPhone kusahau mtandao kunaweza kufuta MAC uliyolipia na kukuzalia nyingine! Ushauri wenyewe ndio unaoua vocha.

Kinachochoma zaidi ni kwamba kufuli hili halimzuii mwizi. MAC husafiri wazi kwenye kichwa cha kila fremu (kifurushi cha data kinachorushwa hewani), hata mtandao ukiwa na WPA2 (ulinzi wa paswodi), kwa sababu kinachofichwa ni mzigo, anwani haifichwi. Mtu akijivika MAC ya aliyelipa, lango haliwatofautishi. Wote wawili wanagombania IP moja, miunganisho inakatika ovyo, na kama bando ni la MB, aliyelipa ndiye anayeliwa. Kwa hiyo mlango unamkwama mwenye tiketi, mdandiaji anapita.

Mgeni, kabla hujalipa: gusa jina la mtandao kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya faragha, chagua MAC ya kifaa (Android) au uzime anwani ya faragha au uiweke isiyobadilika (iPhone). Ya kifaa ndiyo itakayokufuata bwawani. Isiyobadilika hubaki moja kwa jina moja la mtandao tu. Fanya hivyo KABLA ya kulipa, maana ukibadilisha baadaye umejifungia nje mwenyewe. Piga picha ya skrini inayoonyesha MAC hiyo, uwe na ushahidi mapokezini. Na kuijua MAC ya bandia ni rahisi: herufi au tarakimu ya pili ikiwa 2, 6, A au E, simu imejitungia.

#2

Yote kweli, lakini usiwasamehe mafundi. Kwenye MikroTik, ruta inayoendesha lango hilo, mtu akijaza MAC ndani ya rekodi ya vocha "ili wageni wasigawane", vocha hiyo imeshakufa kwa simu za leo. Acha sehemu hiyo tupu. Weka shared-users (vifaa vinavyoruhusiwa kutumia vocha moja kwa pamoja) 2 au 3, kisha zuia kwa limit-uptime, itakayojumlisha muda uliotumika. Wakigawana, muda wanaumaliza upesi, hoteli haipotezi kitu.

Angalia pia keepalive-timeout, muda ambao lango humngoja asiyejibu kabla ya kumtoa. Ikiachwa ilivyo ni dakika 2. Simu ikilala na kuzima redio ya waifai, lango linaipigia, halijibiwi, linamtoa mgeni. Ukiirefusha sana unaangukia upande wa pili: kikao cha zamani kinabaki hai kwenye MAC ya zamani, na shared-users ikiwa 1, MAC mpya inakataliwa. Hapo ndipo hutoka ule ujumbe wa "no more sessions are allowed". Dakika 15 hadi 30 zatosha kwa hoteli. Na jina la mtandao liwe moja, jengo zima.

#3

Ahsante fundi, na hujagusa M-Pesa. Ombi la PIN huja kwa laini ya simu, haliji kwa waifai. Mgeni anaweka PIN, waifai ishakatika, malipo yanathibitishwa kwa MAC iliyoanzisha ombi, na simu imerudi na nyingine. Pesa zimepokelewa, hakuna wa kuruhusiwa. Ukurasa wa malipo uwe na kisanduku cha kuingizia ule msimbo wa muamala wa M-Pesa wenye herufi na tarakimu 10, mgeni ajifungulie mwenyewe bila kushuka ngazi.

Jambo jingine, mkihifadhi MAC pamoja na namba ya chumba na ya simu, hizo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Karatasi ya Excel iliyo wazi kwenye kompyuta ya mapokezi haifai.

Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua hapahapa Mombasa 2009, ati intaneti inashindwa kutoka mapokezi kufika bwawani. Makarani, mgeni akija na vocha "iliyotumika", fungueni rekodi yake, futeni MAC, mwacheni aingie. Haichukui hata dakika.